Uga Unaokungoja

Skarsbø ya Juu,
Sunnfjord, Norwe.
14 Oktoba

Mpendwa Kaka Anfinn,

Pokea salamu zangu na za Baba. Natumaini barua hii itawakuta wote wazima huko Friesland. Mgongo wa Wifi Femke unaendeleaje? Mwambie asiinue vile vyungu vya miche peke yake, hata kama vinaonekana vyepesi. Na Tryntsje je, ameizoea shule? Jelle ameota meno? Mara nyingi namfikiria Jelle kwa sababu ndiye pekee katika ukoo wetu anayelia kwa sauti akitaka kitu.

Sisi huku ni wazima wa mwili. Nyonga ya Baba inamsumbua asubuhi, kisha inalegea akishatembea. Amekataa kurudi kwa daktari. Anasema daktari atamwambia apumzike, na kupumzika anakujua mwenyewe, hahitaji kufundishwa. Mimi sina ugonjwa wowote, ila usingizi wangu umekuwa mwembamba.

Kondoo wameshuka mlimani, wote isipokuwa yule jike mwenye sikio lililochanika. Tulimtafuta mimi na mbwa wetu Tass hadi upande wa pili wa ziwa, hatukuona hata manyoya. Mvua imenyesha karibu kila siku. Juzi tulipika nyama ya kondoo na kabichi, Baba akala sahani mbili, kisha akasema Mama alikuwa anatia pilipili manga zaidi. Nilitia kiasi kilekile. Sikumwambia.

Utajiuliza kwa nini sikupigi simu. Nimejaribu. Kila tunapoongea tunaanza na hali ya hewa, tunakuja kwenye kondoo, halafu Femke anakuita, nami nashukuru amekuita. Kwenye karatasi hakuna wa kuniokoa.

Kaka, Baba amehama nyumba kubwa.

Alihama Septemba, wiki ile baada ya kondoo kushuka. Nilikuwa natoka zizini nikamwona anavuka uga na godoro kichwani, anachechemea, Tass anamfuata nyuma kama anayesindikiza maiti. Nikamwuliza, “Baba, unapeleka wapi godoro?”

“Huko.”

“Huko kwenye nyumba ya wazee?”

“Kwani mimi ni kijana?”

“Na mimi je?”

“Wewe njoo na mimi. Darini kuna kitanda.”

“Nyumba kubwa atakaa nani?”

Akasimama, akalishusha godoro likaegemea ukuta, akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe. “Wenyewe wakija waikute safi,” akasema.

Unajua desturi yetu ilivyo. Wazee huvuka kwenda nyumba ndogo siku vijana wanapoingia nyumba kubwa. Babu alivuka na saa yake ya ukutani kwapani siku Baba na Mama walipooana, na kila mtu anayejua kusimulia hapa kijijini amesimulia jinsi saa ile ilivyogonga katikati ya uga watu wakacheka. Lakini upande wa pili Mama alikuwa ameshasimama mlangoni, amefunga aproni. Mmoja hutoka kwa sababu mwingine anaingia. Sijapata kusikia mtu aliyevuka akaacha nyumba kubwa tupu.

Amefanya hivyo kwa sababu ya neno lako.

Kumbuka siku mliyoondoka mwezi wa Julai. Gari lilikuwa limeshapakiwa, Jelle amefungwa kitini. Baba alisimama pale kwenye jiwe la kupandia farasi akasema nyumba kubwa ina nafasi ya watoto wawili, na hata watatu. Nawe ulikuwa unahangaika na mlango wa nyuma uliokataa kufunga, ukasema, “Labda mwaka kesho, Baba. Tutaona.” Nilikuona ulivyosema. Ulisema kama mtu anavyosema atapita tena kunywa kahawa. Mimi nilijua, na nadhani Femke pia alijua, maana aliinamisha uso.

Baba hakujua. Wewe umeishi mbali kiasi cha kusahau, au labda umejifunza adabu nyingine. Kwa Baba, mtu asiyekusudia kuja hunyamaza. Ukishafungua mdomo umeshaahidi. Tangu siku ile amekuwa akikupokea kila siku, wewe hupo.

Alianza na bustani. Unakumbuka Tryntsje alipotumwa akacheze kwenye tun, yaani huu uga wetu, akarudi analia kwamba hakuna maua, ni matope na mavi ya kondoo matupu? Sote tulicheka. Femke alipangusa machozi ya kicheko akatueleza kwamba kwao neno hilohilo ni bustani, na mtoto alitoka mbio na kopo lake la kumwagilia. Baba alicheka kuliko wote. Mlipoondoka alichukua koleo akachimba tuta chini ya ukuta wa kusini wa nyumba kubwa, mahali ambapo tangu zamani kondoo hupita wakati wa kutengwa. Akaomba miche kwa jirani yetu Ingebjørg. Baba yetu, Anfinn, akiomba miche ya maua! Kondoo waliposhuka waliyala yote kwa muda wa kuvuta pumzi. Sasa ameuzungushia udongo ule mtupu uzio wa wavu, na kondoo tunawapitisha kwa nyuma, kwenye utelezi, ili wasiukanyage.

Halafu ikaja habari ya uji.

Ingebjørg wa Nedrebø aliona moshi ukitoka kwenye bomba la nyumba ndogo, akasikia kwamba Leidulv wa Skarsbø amevuka. Akafanya kile ambacho jirani hufanya nyumba kubwa ikipata bibi mpya. Jumamosi alikuja amevaa koti lake zuri, amebeba ule mtungi wa mbao uliochongwa maua, umejaa uji mzito wa malai, siagi inaelea juu. Alifika katikati ya uga akasimama. Nyumba kubwa mapazia yameteremshwa. Akageuka huku, akageuka huku.

“Haya!” akaita. “Bibi mwenye nyumba mpya yuko wapi? Mikono inaniungua!”

Nilikuwa natokea kwenye banda la kuni. Aliponiona uso wake ulifunguka. “Ni wewe, Gyda? Kumbe! Na mnanificha! Njoo upokee, mwanangu.”

Nilikuwa nimeshatua kuni. Nilikuwa nimeshanyosha mikono, kaka. Kisha Baba akasema kutoka kwenye mlango wa nyumba ndogo, wala hakupaza sauti, “Si yeye.”

Ingebjørg akamtazama. “Kama si yeye, ni nani?”

“Anfinn.”

“Anfinn yuko Uholanzi.”

“Anakuja.”

“Sawa, atakapokuja atakula. Huu wa leo nimpe nani? Nimpe paka?”

“Weka pale kwenye ngazi za nyumba kubwa.”

“Utapoa, Leidulv.”

“Na upoe.”

“Mimi nimepikia maharusi,” Ingebjørg akasema, “nimepikia wazazi, nimepikia hata yule mpwa wangu aliyerudi kutoka jela. Kupikia kuta sijawahi.” Lakini aliuweka. Akajifuta mikono kwenye koti lake zuri, akaja akanishika kifundo cha mkono, akanong'ona, “Na wewe, ulimi unao? Au uliuacha Bergen pamoja na vitabu?”

Akaondoka bila kunywa kahawa. Unajua maana yake hiyo, mtu kama Ingebjørg kuondoka bila kahawa.

Niliketi kwenye ngazi kando ya mtungi hadi siagi ikaganda ikawa ngozi ya manjano. Hatukuruhusiwa kula, wala sikuweza kuumwaga. Nikawa nawaza lile neno, maana ndivyo nilivyo, mtu akinipiga kofi nitaanza kuwaza asili ya neno kofi.

Unakumbuka niliandika tasnifu yangu juu ya neno tun. Nilipomweleza Baba aliniuliza, “Miaka yote hiyo ili ujue tun ni nini? Si ungefungua mlango ukatazama nje?” Aliwasimulia watu duka zima. Lakini nililipenda neno lile kwa sababu sikulimaliza. Inaonekana zamani sana, kabla hatujaachana, lilikuwa jina la kitu kilichozungushiwa. Kisha watu wakatawanyika, na kila mmoja akaondoka na kipande. Wajerumani walichukua uzio wenyewe, na hadi leo neno lao ni uzio tu. Watu wa huko ulikooa walichukua kilichootea ndani, wakaita bustani. Wa Aisilandi walichukua konde la majani linaloizunguka nyumba, lile linalotiwa samadi kwanza. Waingereza walichukua watu wote waliokaa ndani mpaka likawa mji. Na sisi tulichukua nafasi iliyo wazi kati ya nyumba na nyumba, mahali pa kupita.

Nilipokuwa mwanafunzi niliona hilo ni jambo la kuvutia. Siku ile kwenye ngazi liliniuma. Urithi mmoja, watoto wengi, na hakuna aliyetoka mikono mitupu. Aliyepata uzio hakumshitaki aliyepata bustani.

Shamba halifanyi hivyo. Shamba letu haligawanywi. Sheria na desturi zinasema mkubwa ndiye wa kwanza, na hata Baba akinipa mimi kesho, wewe una haki ya kuja kulidai. Na atakayelitwaa lazima aje alikae, hawezi kulimiliki kwa mbali kama picha ukutani. Sisemi ni vibaya. Kama lingegawanywa kila kizazi, leo tungekuwa na mawe mawili kila mtu. Nasema tu kwamba mkubwa anapotaka, mdogo hujua pa kwenda, na mkubwa anapokataa, mdogo hujua pia. Kwetu mkubwa amesema labda.

Sasa nakuandikia jambo ambalo sijamwandikia mtu. Nalitaka shamba.

Nimeiangalia sentensi hiyo kwa muda. Haikubadilika.

Wewe unadhani nilirudi kumsaidia Baba mpaka nyonga ipone. Kila mtu anadhani hivyo, na mimi nilisema hivyo. Lakini sijakaa hapa kwa huruma. Najua sehemu ya konde inayoshika maji na sehemu inayoanza kukauka kwanza. Majira ya kuzaa kondoo, nilipoingiza mkono kumgeuza mwanakondoo aliyekuwa amekaa vibaya, na nje theluji ya mwisho inayeyuka, sikuwaza kitu chochote. Sikuwaza neno hata moja. Ninyi mnaonijua mnajua hilo ni jambo gani kwangu. Nilipokuwa Bergen nilikuwa mtu mwenye mawazo mazuri na sikuwa popote.

Ofisi ya kamusi kule Bergen imenitaka kuanzia Januari. Wanataka jibu kabla mwezi huu haujaisha. Ni kazi ambayo wenzangu wanaililia. Nikiikubali nitaifanya vizuri, na sitarudi, maana najijua. Nitakuwa shangazi anayekuja Krismasi na kusifu hewa.

Jumapili nilimwambia Baba. Tulikuwa zizini tunakata kwato. Mimi nimemshika kondoo, yeye ana kisu. Nilichagua wakati huo kwa sababu hakuna anayeweza kuondoka akiwa amemshika kondoo.

“Baba, mimi nalitaka.”

“Unataka nini?”

“Shamba.”

Akamaliza ukwato. Akashika mguu mwingine. “Hukusema,” akasema.

“Hukuniuliza.”

“Sikumwuliza mtu.”

“Ulimwuliza Anfinn.”

“Sikumwuliza. Nilisema vyumba vipo. Yeye ndiye aliyesema atakuja.”

“Alisema labda, Baba.”

“Mbele ya mke wake alisema. Mbele ya watoto wake.” Kondoo akarusha teke, nikambana kwa magoti. “Nimeshavuka, Gyda. Watu wote wameniona. Unataka nibebe godoro nirudi nalo?”

“Nataka umpigie simu umwulize kama anakuja.”

Hapo aliacha kukata. Alikikunja kisu, akakitia mfukoni, na sijawahi kumwona akikunja kisu kazi haijaisha. Alimtazama yule kondoo, hakunitazama mimi. Akasema, “Siwezi kumwuliza mwanangu kama ananitaka.”

Alisema hivyo hivyo. Hakusema kama analitaka shamba.

Kisha akaniambia nimwachie kondoo, akatoka. Nilibaki nimelishika lile jike na kwato mbili zimekatwa na mbili bado.

Anfinn, sikukasirikii. Nilikukasirikia wiki nzima na sasa nimechoka. Nimejaribu kuona ulivyoona wewe. Mzee amesimama juu ya jiwe, umri umeanza kumwonea, nawe una saa nyingi za kuendesha gari mbele yako. Ni nani angemwambia hapana? Ulimpa kitu kidogo cha kumfurahisha. Labda mimi pia ningefanya hivyo. Lakini alichukua kile kidogo akajenga juu yake, na sasa kila asubuhi kabla ya chai ananituma nikawashe jiko kwenye nyumba kubwa ili mabomba yasigande, na ananiuliza nikirudi kama kumepata joto chumbani kwa watoto. Ananiuliza hivyo kweli. Nami namjibu kwamba kumepata.

Kwa hiyo nakuomba, na ninajua ninachokuomba.

Kama unakuja, njoo. Usiseme mwaka gani, sema mwezi gani, na uje kabla kondoo hawajaanza kuzaa. Nitakuonyesha mahali panapoteleza na nani anapenda kuzaa peke yake, nitakukabidhi Tass, nitamwandikia yule wa kamusi, nitaondoka. Nitakuwa na uchungu, sikufichi, ila nitaupeleka Bergen, sitauacha mlangoni kwako.

Na kama huji, mwambie. Usimwandikie, mpigie simu. Usianze na hali ya hewa. Usiseme kazi ni nyingi, wala soko la miche, wala shule ya Tryntsje, maana kila sababu utakayompa ataifanyia dawa. Ukimwambia nyumba ni ndogo ataongeza chumba. Ukimwambia Femke hajui lugha atajifunza yeye lugha ya Femke, na nyonga yake hiyo. Sema huji. Halafu sema unampenda, kwa mpangilio huo, maana ukianza na la pili la kwanza hatalisikia.

Itamuumiza. Sijawahi kumwona Baba akilia, hata tulipomzika Mama alitengeneza lango siku nzima. Nakuomba umfanyie mwanadamu tunayempenda wote jambo ambalo mimi siwezi kumfanyia, kwa sababu mimi si mkubwa, na kwa sababu kwake mimi ni yule aliyekuwepo tu. Nakuomba umuumize Baba, na faida yake niipate mimi. Nimetafuta namna nzuri zaidi ya kuiandika nikaikosa.

Sidai kwamba ukikataa atanipa. Huenda asinipe. Huenda akakaa ndani ya nyumba ndogo na kutazama madirisha yale mpaka mwisho. Lakini akikaa atazame akijua, na mimi nikiwa palepale nimekaa naye, nimekubaliwa au nimekataliwa kwa jina langu mwenyewe. Siku utakayopiga niambie mapema, nisiwe kwenye konde la mbali. Nataka niwe jikoni simu ikikatwa. Sitasema kitu. Nitakuwa tu humo ndani.

Nisalimie Wifi Femke kwa upendo na umwambie kwamba sikusahau alivyoinamisha uso siku ile, naye aelewe ni shukrani. Mbusu Tryntsje na Jelle. Ingebjørg anawasalimu, anasema uji mwingine haupiki mpaka aone mtu. Jirani yetu Brynjulf wa ng'ambo anakusalimu pia, anauliza kama bado unaruka kwenye maji baridi. Baba hajui kwamba naandika, kwa hiyo salamu zake nimezichukua bila ruhusa, lakini ni za kweli.

Mungu awalinde usiku na mchana, na akupe ulimi mwepesi siku utakapouhitaji.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda kwa jibu lolote utakalotoa, ila si kwa kukosa jibu,

Gyda